Mgeni Aliyetaka Kuombewa

Waliotutangulia katika imani wametusimulia ya kwamba hapo zamani, katika nchi ya Nubia, penye njia ya misafara ikatayo jangwa, waliishi ndugu wawili, Sofronia na mdogo wake Merkurio. Waliiacha mali ya baba yao, wakajenga kanisa dogo la udongo kando ya kisima, ili wamwabudu Mwenyezi Mungu na kuwahudumia wasafiri kwa ajili yake.

Miaka ya kwanza Merkurio alikuwa moto. Alfajiri haikumkuta kitandani. Alisoma Zaburi machozi yakimtoka, na msafiri aliyefika pale alinyweshwa maji na kuoshwa miguu kabla hajaulizwa jina.

Kisha mambo yakaanza kulegea. Kilichomkera Sofronia ni kwamba haikuwapo siku hata moja ambayo angeweza kuinyoshea kidole akasema, leo ndugu yangu ameanguka. Asubuhi moja Merkurio alikatiza Zaburi kwa kuwa ngamia walikuwa na kiu. Haya, ngamia wana kiu, nani atabisha? Baadaye akawa anasali huku akivuta kamba ya kisima. Mgongo ulipomuuma, akasali amelala. Mgongo ukapona, yeye akaendelea kulala.

"Merkurio, umesali?"

"Dada, Mungu anaujua moyo wangu."

"Hilo ndilo linalonitia hofu."

Kila alipomkanya alipewa sababu, na kila sababu ilikuwa nzuri. Hapo ndipo alipochoka kabisa. Heri angelewa, heri angeiba. Angempigia kelele na watu wangemwelewa! Lakini utamfokea vipi mtu aliyekosa ibada kwa sababu alikuwa akiziba ufa wa ukuta wa kanisa?

Ikafika wakati wageni wakawa wanaonyeshwa tu kwa kidevu, "Maji yale pale." Sofronia akachukua yeye kazi ya kuwaosha miguu, na kwa hasira alizokuwa nazo aliwasugua mpaka wengine wakaivuta miguu yao. Na kila jioni alipiga magoti mbele ya altare, akamshtaki mdogo wake kwa Mola, kosa kwa kosa, bila kusahau hata moja.

Mchana mmoja wachukuzi wa chumvi walimshusha mwenzao aliyeitwa Kosma, taabani kwa homa, wakaenda zao. Akalazwa kivulini. Alipopata nguvu ya kusema, alimshika Merkurio nguo.

"Baba, najua siponi. Nimeishi vibaya, naogopa hukumu. Niombee."

Merkurio akapiga magoti, akaanza yale maneno aliyoyazoea. Katikati akayakatiza. Sofronia akauma meno. Sasa nini tena?

"Nisamehe, ndugu yangu," Merkurio akasema, uso umemshuka. "Nayatamka tu. Sikumbuki ni lini nilisali kwa kumaanisha. Nikikuombea hivi nitakuwa nakudanganya, nawe huna muda wa kudanganywa."

"Nilikuambia!" Sofronia alifoka. "Sikukuambia? Mtu anakata roho, nawe leo ndiyo unagundua! Ondoka hapo."

Akapiga magoti yeye, akaweka kiganja juu ya paji la mgonjwa.

"Ee Bwana mwenye rehema, unamwona Merkurio..." Akasita. Akaanza upya. "Ee Bwana, mtazame mja wako huyu, ambaye ndugu yangu ameshindwa..."

Alilitafuta neno moja la kumwombea mtu huyu, asilipate. Ni muda gani umepita tangu amwendee Mola kwa jambo jingine lisilokuwa mashtaka? Shukrani ilikwenda wapi? Hakuiona ikiondoka.

"Na mimi pia," akasema kwa sauti ndogo. "Merkurio, na mimi pia."

Kosma aliwatazama, kisha akawanyoshea mikono. "Basi nitaanza mimi. Mungu, tuko watatu hapa, na hakuna mwenye kitu. Tuhurumie."

Merkurio akarudia. Sofronia akarudia. Wakarudia hivyo wote pamoja, mpaka sauti ya Kosma ikafifia na kukoma, uso wake umetulia.

Walimzika kwa heshima. Wala msidhani kwamba Merkurio aliamka kesho yake akiwa moto tena. Aliposhuka alishuka polepole, na kupanda kukawa vivyo hivyo; ziko alfajiri alizozidiwa na usingizi. Sofronia alikwenda mlangoni pake, ulimi ukimwasha kwa yale maneno ya zamani. Akayameza. Akabisha hodi.

"Merkurio, amka twende. Nami leo sina hamu ya kusali, nishike mkono."

Na Merkurio akatoka.

Wapendwa, moyo haupoi kwa kishindo. Hupoa mtu akiwa na udhuru mzuri mkononi, na hupoa pia akiwa anazichambua nyudhuru za mwenzake. Tumwombe Mola atujalie kukiri kupoa kwetu tungali na pumzi, na subira ya kugongeana milango.