Sufu na Majani ya Mtoni

Hapo kale, wanangu, kabla pimbi hawajahamia mapangoni, walijijengea nyumba za fito juu mlimani, kule ambako nyasi huamka nyeupe kwa sakitu, ule umande ulioganda. Kuta zao zilikuwa mbili mbili, na katikati waliacha nafasi ya kujaza kitu cha kuzuia baridi.

Huko aliishi pimbi mmoja, Bi Sikudhani, na mwanawe Kitwana. Mwaka uliotangulia alijaza kuta zake majani ya kijani yanayoota juu ya mawe ya mtoni. Yalikuwa mororo, na kila mgeni aliyasifu. Lakini yalinyonya maji ya mvua yakakaa nayo. Kuta zikatota, na Kitwana akashikwa na kikohozi kisichomwachia.

Safari hii mama alizunguka vichakani akikusanya sufu ya kondoo iliyonasa kwenye miiba. Ilikuwa chafu, ina mafuta, inanuka. Lakini alipoimwagia maji, maji yaliteleza yakaenda zao.

Alikuwa ameshang'oa majani yote na kuyarundika mlangoni, na sufu ameitia ukuta mmoja tu, aliposikia, "Hodi."

Sauti ile aliijua.

"Karibu, Mzee Fisi."

Fisi aliingiza kichwa na mabega, fito zikalia kwa-kwa-kwa.

"Nyumba yangu ni baridi tupu," alisema. "Nimeambiwa wewe una cha kujazia. Nipe. La sivyo nitahamia hapa, na huyo mtoto atanipisha."

Akamtazama Kitwana. Mate yakamdondoka, to, to. Kisha macho yake yakahamia kwenye sufu.

Bi Sikudhani alitupia jicho angani. Mawingu yalikuwa yameondoka yote. Sakitu ingeshuka usiku huo. Bila sufu, Kitwana asingefika asubuhi.

"Hii inanuka kondoo," Fisi alisema akiinusa. "Naipenda."

"Hata mimi niliipenda, Mzee, ndiyo maana niliiweka. Sasa naitoa. Mchungaji ana mbwa, na mbwa wale wanafuata harufu hii. Jana waliizunguka nyumba mpaka jua likazama. Ndipo nikaenda mtoni kuleta haya majani."

"Lakini mama," Kitwana akasema, "si majani ndiyo..."

Mama alimvuta, akamfunika uso kifuani. "Ana homa, Mzee. Anaweweseka."

Fisi alitazama sufu, akatazama majani. Akayakanyaga, mguu ukazama kama kwenye godoro.

"Na haya yanawekwaje?"

"Unayashindilia mpaka yabane. Lakini nakuomba niachie japo nusu. Mwanangu atalala wapi?"

"Nusu?" Fisi akacheka, akabeba rundo zima.

Bi Sikudhani hakucheka. Alirudi kwenye sufu, akaichambua iwe nyepesi na kuijaza ukuta baada ya ukuta bila kuishindilia. Kila jani lililokwaruza nje alidhani ni Fisi anarudi.

Sakitu ikashuka. Kwa Fisi majani yaliganda ukutani, na jua lilipotoka maji yakamtiririkia kitandani. Ikawa hivyo kila siku, mpaka akachoka, akakunja mkeka wake akaanza kuteremka bondeni, huku akipiga chafya. Alipofika kwa Bi Sikudhani akasimama ukutani.

Ndani, mama alisikia pumzi zake. Kitwana alikuwa amelala bila blanketi, kifua kimetulia. Mama mwenyewe alikuwa anatoka jasho kwa joto.

"Bi Sikudhani," Fisi aliita, "nanyi mnaionaje baridi hii?"

Mama akagonganisha meno, ka-ka-ka. "Tu... tunaganda, Mzee."

"Afadhali," Fisi akasema, akaendelea kushuka.

Ndiyo hivyo, wanangu: angeomba kwa adabu angeelezwa kipi kinafaa, lakini alikuja kunyang'anya, akabebeshwa maji.