Mtamba Mmoja, Mikono Mitatu

Sogezeni vigoda, na mwenye tonge mdomoni alimeze kwanza, maana hadithi hii inanuka. Inaanza na maziwa mabovu na inaishia mahali pabaya zaidi ya hapo. Ndani yake wamo watu watatu wenye vipaji vitatu, na mama mmoja aliyetwishwa mzigo wa kuwaamua.

Wa kwanza ni Lusajo, na kipaji chake kilikuwa hesabu. Sisemi hesabu za kujumlisha chenji dukani. Huyu alikuwa anachukua jambo lililovurugika, analigeuza namba na mistari, anaipa kompyuta, na kompyuta inamrudishia mpango.

Wa pili ni Ambakisye, dereva, na kipaji chake kilikuwa kushika neno. Ukimwambia ondoka saa moja, saa moja utaona vumbi tu.

Wa tatu ni Bupe, mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja. Kipaji chake kilikuwa kusema lile ambalo wenzake wote wamelimeza.

Na yule mama ni Tusajigwe, mwenyekiti wa ushirika wa maziwa wa Itambalila, kijiji cha milimani huko Rungwe, ambako mvua haijui likizo. Tusajigwe alikuwa mchapakazi, hana makuu, ila alikuwa na kinyaa. Na Mungu si mchoyo, akampa cheo kinachonuka kuliko vyote kijijini.

Gari la ushirika lilikuwa moja, na lilikwenda kwa anayeita kwanza. Fulani akipiga simu kutoka bondeni, gari linashuka bondeni. Shemeji wa mjumbe wa kamati akipiga simu kutoka juu, gari linageuza na kupanda, likiwapita watu kumi waliosimama na keni zao za maziwa juani. Likifika mchana kwenye kituo cha kukusanyia, maziwa yameshakatika. Ofisa wa kiwanda kinachoyanunua anafunua mfuniko, anakunja uso, anafunika. Hapo hakuna mjadala, ni kumwaga.

Yalimwagwa kwenye mtaro nyuma ya kituo. Jamani, mtaro ule! Juu ulikuwa na utando mweupe uliotikisika kila nzi alipotua. Chini ya utando kulikuwa na kitu cha kijani ambacho hata mbwa walikinusa wakaondoka. Msiniambie ni mtindi ule, mtindi ni chakula cha watu. Tusajigwe alisimama pale kila siku, khanga puani, akitazama jasho la watu likioza. Walikuwa wamekata majani, wamekamua alfajiri, wamebeba kichwani, halafu wakaja kulisha funza. Akirudi nyumbani alikunywa chai ya rangi, kwa sababu maziwa yalikuwa yamemtoka moyoni kabisa.

Lakini kilichomchefua zaidi ni kamati yake.

"Ndivyo yalivyo maziwa, Mama Mwenyekiti," alisema Mzee Ngambi, mjumbe mkongwe, huku akicheka. "Mengine yanafika, mengine hayafiki. Tangu enzi."

"Na wewe unacheka?"

"Sasa nilie?"

Kiwanda hakikucheka. Kilisema msimu huu ukiisha na maziwa bado yanakatika, kitakwenda kununua kwingine. Tusajigwe akaitisha mkutano, akasimama mbele ya wanachama wote, akasema: atakayeukausha mtaro ule atapewa mtamba wa ushirika. Mtamba yule kila mtu alimfahamu, mweusi mwenye baka jeupe ubavuni, na alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alikuwa mmoja tu.

Basi Lusajo akaja. Alikuwa mtoto wa hapohapo, anafanya kazi mjini, amekuja likizo kumwona dada yake. Alizunguka siku moja na gari, akashuka akiwa amefura kwa hasira.

"Mama Mwenyekiti, gari lenu halina ugonjwa. Mpangilio ndio mgonjwa."

"Mpangilio gani, mwanangu? Gari linamfuata anayeita."

"Ndio ugonjwa wenyewe."

Akamweleza kwamba kuna hesabu ambazo wenzetu wanazitumia kila mahali. Ndizo zinazopanga ndege ipi itue kwanza, kiwanda cha mikate kioke nini saa ngapi, wauguzi wa hospitali wapokezane vipi bila wodi kubaki tupu. Unatengeneza modeli, yaani picha ya kazi yako kwa namba, halafu unaijaribu hiyo picha mara elfu kabla hujachoma hata tone la dizeli. Akapita nyumba kwa nyumba akiuliza ng'ombe wangapi, lita ngapi, wanakamua saa ngapi. Akapima kila mteremko, ukiwa mkavu na ukiwa na tope. Mwishowe akatoa mpango: gari lisisimame kila mlango, lisimame kwenye vituo vichache, lizunguke njia moja, lianze mbali na kumalizia karibu. Likizo yake iliisha kazi ikiwa katikati. Mjini wakampigia simu mara ya kwanza, wakampigia mara ya pili, mara ya tatu wakamwambia asisumbuke kurudi.

Mpango ukabandikwa, na watu wakausoma kama wanavyosoma tangazo la harusi ya mbali. Kesho yake kila kituo kulikuwa na mtu anayepunga mkono akisema, "Subiri kidogo tu, bado namkamua!" Kidogo ya huyu, kidogo ya yule, gari likafika mchana kama kawaida. Mtaro ukala, ukashiba.

Hapo ndipo Ambakisye, dereva wa gari lile, alipoingia. Alimwambia Tusajigwe, "Mama, nipe ruhusa nisimsubiri mtu."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Akampa. Asubuhi iliyofuata Ambakisye alifika kituo cha kwao, dakika zake zikaisha, akawasha gari. Kwenye kioo akamwona mama yake mzazi anatoka mbio migombani, keni kichwani, anaita jina lake. Kijiji kizima kilikuwa kinatazama kama mguu wake utagusa breki, na haukugusa. Mama yake akabaki barabarani na maziwa yake. Siku ya pili hakuna aliyechelewa, maana aliyemwacha mama yake atamsubiri nani? Lakini tangu siku hiyo yule mama hajampikia mwanawe wala kuitikia salamu yake. Akimwona, anavuka barabara.

Gari sasa likawa linafika asubuhi. Tusajigwe akaanza kutamani chai ya maziwa. Akafunua tangi yanamomiminwa maziwa yote, na harufu ikampiga ile ile. Si kila siku, lakini siku mbili nzuri, ya tatu tangi zima limekatika. Lusajo alirudia hesabu zake, akazihakiki tena, hakuona kosa. Alisema, "Kwenye karatasi haiwezekani." Na kweli, kwenye karatasi haikuwezekana.

Kosa lilikuwa uani kwa wazee. Vituo vya Lusajo vilikuwa mahali tambarare palipo karibu na barabara, na mahali hapo pote palikuwa nyua za wazee wenye kaya kubwa. Sasa huko kwetu mkamwana haonani na baba mkwe wake. Akimwona anakuja, anaacha njia, anajifunika, anajificha hadi apite. Wazee nao walikuwa wameupenda mchezo wa gari, kila asubuhi wanaweka viti vyao pale kituoni kulitazama. Wakamwana zao wakawa wanachuchumaa migombani na keni zao, wanangoja mzee aingie ndani. Mzee haingii, gari linaondoka. Maziwa yanalala, kesho yanamiminwa pamoja na mapya ili yasipotee, na keni moja ya namna hiyo inaharibu tangi zima.

Wanaume walijua wakanyamaza, kwa sababu ni heshima yao. Wanawake walijua wakanyamaza, kwa sababu ni aibu yao. Tusajigwe naye alijua. Alikuwa amepita mara nyingi akiona pindo za khanga migombani, akageuza uso, na alipokumbuka hilo alijichukia kuliko alivyouchukia mtaro.

Bupe hakunyamaza. Asubuhi moja alitoka migombani, keni kichwani, uso wazi, akapita mbele ya baba mkwe wake Mzee Mwalukasa aliyekuwa amekaa kwenye kiti. Akaipandisha keni garini, ambamo Lusajo alikuwa amepanda kuhakiki hesabu zake, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Lusajo, andika na hili kwenye hesabu zako. Maziwa yanaoza migombani kwa sababu tunajificha wakwe. Si mimi peke yangu. Wenzangu hao hapo nyuma, waiteni watoke."

Mzee Mwalukasa alijifunika uso kwa kofia, akaingia ndani, akafunga mlango. Jioni hiyo Bupe alirudishwa kwa wazazi wake. Mtoto alibaki, kwa sababu mtoto ni wa ukoo. Mzee akatoa neno: hatarudi mpaka aibu ile ifutwe kwa ng'ombe.

Lusajo akaliingiza hilo katika modeli kama alivyoingiza milima na tope: pasiwe na kituo ambapo mkamwana atakutana na mkwe. Vituo vikahamia njia panda, mzunguko ukarefuka kidogo, Ambakisye akaushika kama ulivyo. Tangu hapo maziwa hayajakatika tena. Mtaro ulikauka, utando ukapasuka vipande, mvua ikavisomba. Kiwanda kikasaini msimu mwingine.

Mngedhani hadithi imekwisha salama. Ikaja siku ya mkutano wa kutoa zawadi.

Mtamba alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya ukumbi, tumbo limeshuka, karibu kuzaa. Tusajigwe akashika kamba, akawaita watatu mbele.

Lusajo akasema, "Mama, bila mpango ule, Ambakisye angekuwa anawahi kufika mahali pasipotakiwa, na Bupe angekuwa ametukanwa bure. Kazi imenitoka mkononi kwa ajili ya mpango huu. Nikiwa na ng'ombe nitaanza upya hapa."

Ambakisye akasema, "Mpango ulibandikwa ukutani na maziwa yakaendelea kumwagwa. Aliyeutoa ukutani ukatembea barabarani ni mimi. Mama yangu hanisalimii. Nataka nimpelekee ng'ombe nipige magoti."

Bupe alitazama chini. "Mimi nilisema mara moja tu, mama. Kazi kubwa wamefanya wenzangu. Ila mpango ulikuwepo na dereva alikuwepo, na maziwa yalikuwa yanaoza. Na mtoto wangu hajaninyonya tangu siku ile."

Tusajigwe akainua macho, akamwona Mzee Mwalukasa kiti cha mbele, amenyoa ndevu, amevaa koti, mikono juu ya fimbo. Amekuja kumpokea ng'ombe wake. Akimpa Bupe, jioni mtamba atalala uani kwa mzee huyu, yeye ambaye kiti chake ndicho kilichoozesha maziwa. Tusajigwe akavuta khanga puani, kama pale mtaroni.

Kabla hajasema neno, Mzee Ngambi akasimama kule nyuma.

"Mama Mwenyekiti, usijisumbue. Watu watatu, ng'ombe mmoja, haigawanyiki. Lakini ikigeuka nyama inagawanyika! Na tukishagawa, wote tupate, maana maziwa ni ya wote."

Watu wakapiga makofi. Walikuwa walewale waliopunga mkono wakisema subiri kidogo.

"Ana mimba!" Tusajigwe akasema.

"Ndama wa tumboni ni laini," akajibu mmoja, na wengine wakacheka.

Ndipo akaona kwamba hawakuja mikono mitupu. Mama mmoja alikuwa na beseni. Mwingine alikuwa ameshamenya ndizi. Chini ya benchi kisu kilichonolewa kilikuwa kimefungwa kwenye gazeti. Walikuwa wamekuja wakijua. Na kanuni ya ushirika ilikuwa upande wao: zawadi isiyotolewa mkutanoni inarudi kwa wanachama, na wanachama ndio hao, wanajilamba midomo.

"Taja jina moja, Mama," alisema Ngambi kwa upole wa kuudhi. "La sivyo, tunyooshe mikono tupige kura."

Lusajo akanyoosha mkono kupokea kamba. Ambakisye akanyoosha wake. Bupe akasita, akamtazama mkwe wake, kisha naye akanyoosha. Mtamba akajikuna shingo kwenye nguzo. Yule mwenye kisu alikuwa ameshaanza kufungua gazeti.

Tusajigwe amesimama pale na kamba, na hana muda. Akimpa mwenye hesabu, walioibeba hesabu ile kwa miguu na kwa uso wao watarudi watupu. Akimpa dereva, mtoto ataendelea kulia bila mama. Akimpa Bupe, atamlipa aliyeharibu. Akinyamaza, kisu kinakula, na ndama naye.

Mimi nimefika hapa na siendelei, kwa sababu nikiendelea mtasema nimependelea. Ninyi mliokaa hapo mkinisikiliza, wewe mama, wewe kijana, na wewe uliyecheka aliposema ndama ni laini: kamba iko mkononi mwako sasa. Unamkabidhi nani?