Kisahani Kilichobaki

Haya, sogeeni. Atakayenijibu leo nitampa mji, ingawa kwa ninavyokijua kisa hiki, mji wangu utabaki bila mwenyewe.

Paliondokea watu watatu waliofanya kazi chumba kimoja, chumba kisicho na dirisha, na kila mmoja alikuwa na ujuzi wake. Shemdoe alijua kutengeneza gundi inayotii mwanga: ukiimulika kwa taa ya buluu inashika, ukiimulika kwa taa nyekundu inaachia. Nyamizi alijua kuuongoza mwanga. Alichora duara dogo la buluu kwenye kisahani cha maabara, na seli, chembe hai za jicho, zikashika pale pale alipochora, pembeni haikushika hata moja. Tunu alijua kuzilea hizo seli. Alizilisha, akazipa joto, akazichungulia kwa hadubini akajua zipi zina njaa na zipi zimeshakata tamaa.

Walikuwa wakitengeneza utando wa kuvika jicho lililoungua, na hawakuufanya kwa sifa. Kila mmoja alikuwa na mtu wake asiyeona. Shemdoe alikuwa na mkewe, mjamzito. Nyamizi alikuwa na baba yake mzazi. Tunu alikuwa na binti yake, Chiku, aliyerukiwa na chokaa machoni nyumba yao ilipokuwa ikipakwa. Basi wakalea visahani vitatu, kila mgonjwa chake, na seli zote zilitoka kwenye jicho moja la marehemu mmoja, nalo lilikwisha. Daktari Mgaya, ambaye ndiye angewavika, aliwaonya mapema kwamba kovu halingoji: wiki ya kuvuna tando ikipita, macho ya wote watatu yatakuwa yamefunga.

Siku ya kuvuna ikafika. Wagonjwa wakaketi kwenye benchi nje ya mlango. Ndani, Nyamizi akawasha taa nyekundu, gundi ikalegea, na kingo za tando zote tatu zikaanza kuinuka.

"Zinaachia!" akasema Shemdoe.

Tunu akacheka. Hakuwa amecheka tangu mwanawe aungue.

Kicheko hicho ndicho kilichowaponza. Chiku alimsikia mama yake, akainuka, akapapasa ukuta mpaka akashika kitasa. Juu ya mlango kulikuwa na taa ya kukataza watu wasiingie, lakini taa ni kitu gani kwa mtoto asiyeona? Giza na jua kwake vilikuwa kitu kimoja.

"Mama, unacheka nini?"

Jua likaingia pamoja naye, na ndani ya jua mna buluu. Gundi ikashika upya, na tando mbili zilizokuwa zimeinuka nusu zikachanika kama chapati iliyong'ang'ania kikaangoni.

Wa tatu ulipona, na waliuponya wote. Shemdoe aliruka, akamrudisha mtoto nje, akaufunga mlango. Tunu alivua kanga yake akakifunika kisahani. Nyamizi aliingiza taa nyekundu chini ya kanga, akaimulika kidogo kidogo mpaka utando ukaachia mzima. Angekosekana mmoja wao, ungechanika nao.

Daktari Mgaya akaja, mikono imeshaoshwa. "Utando huu jua likizama ni takataka. Na msiniambie niukate, ukikatwa haumfai yeyote. Ni wa nani?"

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Vyema, vidole vimekutana, chawa kavunjika. Wahenga hawakusema ni wa nani.

"Bila gundi yangu seli zingeelea tu majini," akasema Shemdoe. "Mke wangu atazaa mtoto asimjue sura."

"Bila mwanga wangu gundi yako ni ute," akajibu Nyamizi. "Baba ni mzee, kaka yangu. Hana miaka ya kujifunza giza."

Tunu alikuwa na la kusema, na lilikuwa zito kama yao: bila yeye wangebaki na gundi na taa, wakitazamana. Akasema tu, "Ni mtoto."

"Ni mtoto aliyefungua mlango," akasema Nyamizi, kisha machozi yakamtoka. "Nisamehe, Mama Chiku. Lakini ndivyo ilivyokuwa."

"Mimi ndiye niliyecheka," akasema Tunu.

"Tupige kura," akasema Shemdoe.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Hata yeye mwenyewe. Kila mmoja alijua kwamba akishindwa kwa kura hatakubali, na akishinda hatalala. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndiyo, lakini nani kakwambia mume hana uchungu, au binti?

Tunu aliutazama ule utando aliokuwa ameulisha kama mtoto wa pili. Ukingoni ulikuwa umeanza kujikunja. Akaona wazi kwamba hawa watatu hawatafanya kazi pamoja tena, apewe nani asipewe nani.

Sauti ndogo ikapita chini ya mlango. "Mama, mbona mmenyamaza? Nimefanya nini?"

Atakayepewa ataona kwa jicho moja, na miongoni mwa vya kwanza atakavyoviona ni nyuso za wale waliokosa. Gundi, mwanga, malezi: kipi kizito? Na mlango ule, tumhesabie mtoto?

Je, wewe ungeamua vipi? Usiniombe muda wa kufikiri. Jua limeshagusa paa, na daktari bado amesimama na mikono yake iliyooshwa.