Sura ya Bosi Juu ya Mabati

Kibwana Shomvi alikuwa mwenyekiti wa chama cha kuwajengea wasio na makao, ingawa nyumba yake mwenyewe ilivuja hata kwa umande. Watu walimcheka, naye aliwasaidia kucheka. Masika yalipokaribia, nyumba sita za chama, zilizobanana bega kwa bega, zilikuwa bado kuta tupu. Akaenda kuomba ufadhili kwa Rwekaza, mwenye kiwanda cha rangi.

"Nitatoa rangi ya mlango mmoja," alisema Rwekaza. "Lakini nataka bango lenye sura yangu, kubwa kuliko nyumba zenu zote."

"Ni haki yako, bosi. Ila kule kwetu bango la kusimama litaonwa na mbuzi tu. Wenye pesa wanapita juu, kwa ndege."

Rwekaza alikuna kidevu. "Basi lilazwe chali."

"Akili yangu fupi, nisingewaza hilo. Lakini likiwa la turubai, upepo utakukunja uso mbele ya wawekezaji."

"Litakuwa la mabati. Mazito."

"Kulilaza tuachie sisi, bosi. Bure."

Mwezi uliofuata Rwekaza alipanda ndege na wageni wake, akawaonyesha dirishani. Sura yake ilikuwa imetandazwa vizuri, meno yote nje, na pembeni mwa shavu la kushoto ulipanda moshi wa mtu anayepika.

Familia sita zilipitisha masika pakavu. Kibwana alijibakishia kipande cha pua, akakipigilia misumari mwenyewe juu ya nyumba yake, na mvua ya kwanza ikavuja kwenye matundu yote mawili.