Kitanda Kimoja cha Kambi ya Vuli

Sogeeni karibu, na yule anayependa kuamua kesi za wenzake akae mbele kabisa, maana leo ana kazi. Hadithi hii haina jibu. Nimeizunguka pande zote nikilitafuta, sikulipata, ndiyo maana nimewaletea nyinyi.

Huko Kwesanga, juu kwenye milima ya Upare, palikuwa na shule ya sekondari isiyo na maabara. Neno lenyewe lilikuwapo, limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa chumba cha kuwekea majembe. Katika kidato cha tatu cha shule hiyo walikuwapo wanafunzi watatu ambao kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Nakijwa alijua kupima. Senkoro alijua kuunda. Rukia alijua kusema. Ungewaomba wabadilishane kazi kwa siku moja tu, ungeona vituko.

Nakijwa ndiye nitakayewasimulia kwa karibu zaidi, kwa sababu mwisho wa yote mzigo ulimwangukia yeye. Alikuwa binti mwembamba, si mwepesi wa kucheka, na alikuwa na hamu moja ambayo hakumficha mtu. Alitaka kutazama tone la maji kwenye hadubini. Alikuwa ameichora hadubini mara tano kwenye mitihani, akaandika majina ya sehemu zake zote, akapata alama zote, lakini hadubini yenyewe hakuwahi kuiona hata kwa mbali. Jambo hilo lilimchoma. Alikuwa akiwaambia wenzake kwamba anafundishwa kuogelea ubaoni.

Sasa, Kwesanga wanaishi kwa ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe walilochimba mababu zao chini ya chemchemi. Linajaa usiku, linafunguliwa asubuhi, na maji yanateremka kwa mfereji hadi mashambani, kila kaya kwa zamu yake. Mwaka huo, vuli ilipoanza na maharage yakatoa maua, maji yakawa hayatoshi. Kaya za chini zilisema wa juu wanafungua mlango wa ndiva kwa siri usiku. Kaya za juu zilisema wa chini ni wavivu wa kuzibua mfereji. Maneno yakawa makali, watu wakaacha kusalimiana kisimani, na siku moja mtu alirudi nyumbani na jeraha la jembe mguuni.

Hapo ndipo Nakijwa alipoleta daftari lake. Tangu mwezi wa tano alikuwa akipita ndivani kila alfajiri kabla ya shule, anatumbukiza ufito wenye alama kumi na mbili, anaandika. Hakuna aliyemtuma. Watu walimwona wakasema binti wa Mgonja ana mchezo wa ajabu. Daftari lilionyesha kwamba hadi mwezi wa nane ndiva ilikuwa ikijaa mpaka alama ya kumi na mbili. Kuanzia mwezi wa tisa ilikuwa ikifika alama ya tisa, basi. Si nane, si kumi. Tisa kila siku. Nakijwa aliwaambia wazee wa kamati ya maji kwamba mwizi hapimi, na angekuwapo mwizi wangekuta leo saba, kesho kumi na moja. Mzee Mchome, mwenyekiti wa kamati, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akasema kwamba wako wezi werevu. Wakamwambia aende shule.

Senkoro alimkuta amekaa nje ya darasa, amevimba kwa hasira. Huyu Senkoro ni kijana ambaye mikono yake haikujua kukaa bure, redio zote mbovu za kata ile zilipitia kwake. Alimuuliza Nakijwa wazee wanataka nini ili waamini. Nakijwa akasema wanataka shahidi asiyelala, asiye wa juu wala wa chini. Senkoro akaenda zake, na kwa wiki mbili hakuonekana uwanjani. Alichukua boya la tangi la choo, simu ya kitochi iliyopasuka kioo, waya wa breki ya baiskeli na betri ya pikipiki. Akaviunga, vikamkatalia. Akaviunga upya mara nne, na mara ya tano vikatii. Simu hiyo ikikupigia mara moja, maana yake mlango wa ndiva umefunguliwa. Ikipiga mara mbili, maji yamefika alama ya tisa. Kitu chenyewe kilikuwa kibaya kutazama, lakini kilifanya kazi, na hapakuwa na mtu mwingine mlima mzima ambaye angeweza kukiunda.

Kamati ikakataa kisiwekwe. Tena ilikuwa na hoja. Desturi ya Kwesanga ni kwamba hakuna kinachoingia ndivani ila cha kaya iliyoshiriki msaragambo, ile siku ambayo kijiji kizima kinaingia kutoa tope la ndiva kwa karai na koleo. Asiyetoa tope hana zamu wala neno. Mzee Mchome akauliza chombo hiki ni cha kaya ipi. Kikiwa cha wa juu, wa chini watakataa, na kikiwa cha wa chini, wa juu watakitupa mtoni.

Rukia ndiye aliyelifungua fundo hilo. Alikwenda kwenye kikao, akapiga magoti, akawaamkia wazee mmoja mmoja, akaulizia hali za ng'ombe na za wajukuu, kisha akasema chombo na kiwe kaya. Kiandikwe kwenye orodha ya msaragambo kama kaya nyingine, na yeye atakitolea tope. Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Rukia hakucheka. Akawauliza kama iko desturi inayosema kaya lazima ile ugali. Wakatazamana, wakaona haiko, na Mzee Mchome akaandika kwa mkono wake: Kaya ya Chombo. Jumamosi iliyofuata Rukia alitoa tope la kwao mpaka saa sita, na la chombo mpaka saa kumi na mbili jioni, peke yake, wenzake wamekwisha kuoga. Na kwa kuwa kamati ni kamati, zamu ziliposomwa, chombo nacho kikapewa maji Jumatano asubuhi. Ikabidi yamwagwe kwenye shamba la shule.

Chombo kikawekwa ndivani, na kwa usiku saba simu ya Mzee Mchome mwenyewe iliita mara mbili. Mlio mmoja, ule wa mlango kufunguliwa, haukusikika hata usiku mmoja. Na kila alfajiri ufito ulisoma tisa. Siku ya nane mzee alinyanyuka, akaamuru ndiva ikaushwe, na vijana wakapapasa ukuta kwenye usawa wa alama ya tisa. Nyuma ya jiwe moja wakakuta tundu la kuingiza mkono mpaka kwapani. Kaa wa mtoni walikuwa wamechimba humo tangu kiangazi, na maji yalikuwa yakijimwagia korongoni wakati watu wanaitana wezi. Tundu likazibwa. Maharage yakaokoka, na yule aliyempiga mwenzake jembe akaenda kuomba msamaha mchana kweupe.

Mngedhani hadithi imeisha. Bado, hapo ndipo inapoanza kuuma.

Mkuu wa shule, Mwalimu Kiangi, aliandika habari za ile kazi akazipeleka kwenye chuo kimoja cha ufundi Arusha kinachoendesha kambi ya sayansi kila vuli. Ni wiki tatu za likizo ya Desemba. Kuna maabara yenye maji ya bomba, kompyuta, walimu waliotengeneza mitambo kwa mikono yao, na hadubini, moja kwa kila mwanafunzi. Jibu lilirudi na fomu. Kazi imekubaliwa, shule imepewa nafasi moja. Liandikwe jina la mwanafunzi aliyeifanya.

Watatu hao hawakubishana. Walichukua fomu wakabananisha majina matatu kwenye mstari mmoja kwa herufi ndogo, wakairudisha. Fomu mpya ikaja na barua fupi. Kitanda ni kimoja na jina ni moja. Fomu yenye majina mawili au matatu haitapokewa, na isipokabidhiwa kwenye gari la wilaya Ijumaa kabla ya saa sita mchana, nafasi itakwenda shule nyingine. Nakijwa aliisoma barua hiyo mara mbili, akasema kwa sauti kwamba hao watu hawajawahi kufanya kazi na mtu.

Basi kila mtu akawa na jina lake. Mwalimu wa fizikia alisema Senkoro, kwa sababu daftari lilisomwa na wazee na halikuwashtua, na maneno matupu hayapigi simu. Wazee wa kamati walituma ujumbe kwamba ni Rukia, kwa sababu bila yeye chombo kingebaki kabatini mpaka leo, na tena ndiye pekee aliyetoa jasho mbele ya kijiji. Mwalimu wa hesabu alisema Nakijwa, kwa sababu bila daftari Senkoro asingejua aunde nini wala Rukia asingejua aombe nini. Nyote mnaona kwamba kila mmoja wao alisema kweli.

Ijumaa saa tano na nusu gari la wilaya lilikuwa limesimama nje, dereva anasubiri fomu. Mwalimu Kiangi aliwaita wote watatu ofisini. Akaiweka fomu mezani, akatoa kalamu yake ya mfukoni, akampa Nakijwa.

"Wewe ni mkweli, mwanangu," alimwambia. "Wote tunakuamini. Andika jina."

Nakijwa aliishika kalamu, akamshukuru, na kabla hajakaa akaona kilichofichwa ndani ya shukrani hiyo. Kwenye ndiva, yule anayekabidhiwa mlango agawe maji, zamu yake huwa ya mwisho. Kila mtoto wa Kwesanga anajua. Mgawaji akijipa mbele, atasemwa mpaka kaburini. Kwa hiyo aliyepewa kalamu alikuwa ametolewa, tena kwa heshima, tena kwa kusifiwa. Damu ikampanda. Angeweza kuinamisha kichwa kama inavyotegemewa kwa binti mwenye adabu. Hakuinamisha.

"Mwalimu, kwa nini mimi?" aliuliza. "Mbona hukumpa Senkoro kalamu, au Rukia?"

Mwalimu Kiangi akasema amefuata desturi, na desturi inataka mgawaji awe mtu mwaminifu, anayeweza kungoja.

"Ndivani mgawaji anachukua mwisho," Nakijwa alisema, "lakini ya mwisho nayo ni zamu. Anapata maji yake, anamwagilia. Hapa hakuna ya mwisho. Kuna kitanda kimoja. Desturi hiyo ilitungwa kwa maji, na mimi nayajua yale maji kuliko yeyote humu ndani. Naitaka nafasi hii, Mwalimu. Nimeitaka kabla haijakuwapo, na siombi radhi kwa kuitaka. Kama uaminifu wangu ndio sababu ya kuikosa, basi mlitufundisha uaminifu ili iwe rahisi kututoa."

Mwalimu Kiangi alikuwa mtu mwema, na uso wake ulionyesha kwamba hakuwa amelifikiria jambo hilo kwa namna hiyo. Lakini hakuichukua tena kalamu. Alisema saa zinakwenda, na asipoandika Nakijwa hakuna atakayeandika, maana yeye mkuu wa shule akiandika jina lolote, nusu ya kijiji itasema amehongwa.

Nakijwa akawageukia wenzake. Mnadhani walimwambia nenda wewe, sisi tumekusamehe? Hao hawakuwa watoto wa namna hiyo. Senkoro alisema kalamu ile ingekuwa mkononi mwake angeandika Senkoro, na asingeona haya. Rukia, mwenye maneno ya kupasua mwamba, safari hii alikuwa nayo machache.

"Mimi pia ningeandika langu," alisema. "Kwa hiyo ukiandika lako sitakuita mchoyo. Na ukiandika la Senkoro au langu kwa kuogopa kusemwa, nitakudharau."

Nakijwa aliposikia hivyo alitaka kulia na kucheka pamoja, maana hakuna aliyewahi kumheshimu kiasi hicho. Akavuta kiti, akakaa, akaivuta fomu. Akaandika jina la shule. Akaandika kata, wilaya, na jina la kazi yao. Nje dereva alipiga honi. Kalamu ikafika kwenye mstari wa jina la mwanafunzi.

Mimi nasimama hapo, na msinitazame hivyo.

Tena nawaambia mapema ni majibu gani siyapokei. Msiniambie wapige kura, kwa sababu kura haijui nani alifanya nini. Msiniambie apewe aliye fukara kuliko wenzake, wale wote wanatoka nyumba za mlo mmoja. Msiniambie watatu wagome pamoja na fomu irudi tupu, mpaka uwe umemtazama Nakijwa machoni ukamwambia kwamba hadubini aichore mara ya sita. Na wewe utakayesema mwenye kalamu asijiandike, nieleze kwanza ni kosa gani alilofanya zaidi ya kuaminiwa.

Aliyepima, aliyeunda, aliyesema. Saa sita inakaribia. Haya, kalamu nimekupa wewe. Je, unaandika jina la nani, na utawaambia nini wale wawili watakaobaki?