Picha ya Kisimani

Hapo zamani, ndani ya mji uliozungukwa na ukuta wa mawe, alikuwapo mchoraji aliyeitwa Shee, mtu mwema lakini mwepesi wa kuahidi. Siku moja alikaa karibu na kisima akachora, kwa rangi za maji, yale aliyoyaona: ukuta, watu na kazi zao, na msichana akiteka maji. Msichana alikuwa Mwanate. Shee alipomaliza kiwiliwili na leso, mama yake Mwanate akamwita binti yake nyumbani. Rafiki wa Mwanate, Zuhura, akaishika kamba ya ndoo, akasimama palepale, na Shee akatia uso wa Zuhura. Aliona ni picha tu, basi.

Mwaka huo maradhi yakaingia mjini. Yakamchukua Mwanate, yakamchukua Zuhura, yakachukua wengi. Shee, kwa huruma, akatangaza msikitini: "Picha ile siiuzi. Mwenye mtu wake ndani, aje aichukue." Ulimi hauna mfupa.

Kesho yake ikanyesha mvua, paa la Shee likavujia picha. Akapiga ukelele. Jirani yake Kombo, mchoma chokaa, akayavua makuti yaliyofunika chokaa yake, akakimbia kuifunika picha. Picha ikapona, ila uso wa msichana ulikwisha kuchuruzika. Chokaa ya Kombo ikaharibika yote.

Mvua ilipokatika, wakaja wenye watu wao.

Bi Mize, mama wa Mwanate, akasema: "Huyu mwanangu. Leso hii nilimfunga mimi. Nisingalimwita siku ile, na uso ungalikuwa wake."

Bi Rukia, mama wa Zuhura, akasema: "Leso huvaliwa na yeyote, mwenzangu. Uso una mwenyewe. Hata umefutika, ni hapo ulipokuwa, nami sina pengine pa kumtazama."

Kombo akasema: "Mama zangu, niwieni radhi. Yule anayepaka ukuta chokaa ni baba, naye tumemzika. Amechorwa mgongo tu, lakini mgongo ule naujua. Na bila makuti yangu mngegombea karatasi tupu."

Shee akamsikiliza Bi Mize, akaona kweli. Akamsikiliza Bi Rukia, akaona kweli. Akamsikiliza Kombo, akaona kweli, akazidi kuchanganyikiwa. Akachukua mkasi, wote watatu wakamdaka mkono kwa pamoja. Akaketi, picha mapajani, ahadi shingoni.

Haya, nyinyi mnaosikiliza. Picha ni moja. Je, nani alistahili: mwenye leso, mwenye uso, au mwenye mgongo na makuti? Semeni upesi, maana mawingu yametanda tena, na paa la Shee bado linavuja.