Ukoko wa Bi Mashavu

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi kusemezana, ni zamani ya juzijuzi tu, mimi nikiwa bado na meno yangu yote, palikuwa na mama mmoja katika kijiji cha Kwemvumo, chini ya milima, kwenye minazi na michungwa. Jina lake Bi Mashavu. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa.

Bi Mashavu alikuwa na sheria moja nyumbani kwake. Akipika wali wa nazi, ukoko haugawanywi. Anaubandua mzima mzima kutoka chini ya chungu, mviringo, rangi ya asali, unanukia tui, halafu anampa mtoto mmoja tu, yule aliyefanya kazi kuwashinda wenzake siku hiyo. Anampa kwa mikono miwili, na anamwita jina mbele ya wote: "Haya, fulani mwanangu, kula jasho lako." Na sheria hiyo ilikuwa na mkia. Atakayefunua chungu chake kabla yeye hajasema kimeiva, huyo ukoko ataunusa tu.

Mhina, mwanawe wa kiume, aliunusa utoto wake karibu wote. Mlaji alikuwa dada yake mkubwa, Mwanamvua, tena akiutafuna taratibu kwa makusudi, kru, kru, huku amemkodolea macho. Mhina aliupata mara moja tu, na siku hiyo hakuutafuna, aliumumunya mpaka jioni. Akakua, akaenda kufanya kazi ya reli mikoa ya mbali, akaoa, akazaa, nywele zikawa nyeupe. Na kila alipokaribishwa wali, popote pale, mzee mzima na heshima zake alikuwa akichungulia chini ya sufuria. Msicheke. Na nyinyi mna vitu vyenu.

Basi akastaafu, akarudi nyumbani. Akamkuta mama yake yupo, lakini kumbukumbu za mama zimekwenda. Bi Mashavu alimkaribisha vizuri sana, akamwuliza habari za huko atokako, kisha akageuka akasema, "Mwana wa watu, mletee mgeni kiti."

Mgeni ndiye Mhina. Mwana wa watu ndiye Chausiku, mjane wa marehemu Nyange, mdogo wake Mhina. Nyange alipofariki, kila mtu alidhani Chausiku atafunga virago arudi kwao. Hakurudi. Alibaki na mkwe wake miaka kumi na mitano, akimpikia, akimwogesha, akimfuata njiani anapopotea. Na miaka yote hiyo Bi Mashavu, hata akili zilipokuwa timamu, hakuwahi kumwita mwanangu. Mwana wa watu. Kwa upole, ndiyo, lakini mwana wa watu.

Mwanamvua naye akaja aliposikia mdogo wake amerudi. Mama akamshika mkono, akamtazama usoni, akamwambia, "Karibu, bibi. Umefanana na mtu ninayemjua." Mwanamvua akaitikia kwa adabu, akaenda nyuma ya nyumba, akalia.

Siku tatu zikapita hivyo. Mhina akashika ufagio wa chelewa akafagia uwanja, na sauti ile ya chelewa kwenye mchanga ikamtoa machozi, na mgongo nao ukamtoa machozi mengine. Akabadilisha makuti yaliyooza juu ya jiko. Akaenda dukani kufuata chumvi na kiberiti kwa njia ileile aliyokuwa akitumwa utotoni, akarudi amesahau kiberiti, vilevile kama utotoni. Kila kazi aliifanya huku anamtazama mama kwa pembeni, kwamba huenda sasa atasema, "Mhina." Mama anasema, "Mgeni, pumzika, utachafua nguo zako."

Siku ya nne asubuhi, mama akaamka mwingine. Akatoka chumbani amejifunga kanga kiunoni, akasimama mlangoni, akasema, "Leo napika mimi. Wewe, maji. Ya chemchemi, si ya bomba, maji ya bomba yananuka chuma. Wewe, nazi, na uimbe nikusikie. Mwana wa watu, kuni na mchele. Na chungu changu asikiguse mtu."

Lo! Watu wazima wale wakatazamana. Mhina akasema kimoyomoyo, mama huyo amerudi. Na kama amerudi, leo ukoko utatoka, na ukitoka, jina litaitwa. Akaichukua ndoo mbio mbio kabla dada yake hajainuka kitini.

Chemchemi ya Kwemvumo iko chini kabisa, bondeni, hatua mia nne za kushuka, na kupanda sijui ni ngapi, maana hakuna aliyewahi kupanda akabaki na pumzi ya kuhesabu. Mhina akashuka. Akayakuta mawe yaleyale, na lile moja lenye shimo walilokuwa wakinywea kwa kulala kifudifudi. Akalala kifudifudi akanywa, mstaafu wa reli, shati jeupe. Akajaza ndoo, akasokota ngata, akajitwika. Wanawake waliokuwa wakifua wakasema, "Babu huyo! Usije ukatuangukia!" Akapanda. Lakini kuna jambo alilisahau. Ukijitwika maji, juu yake unaweka jani la mgomba, yasipige mawimbi ukitembea. Hilo mtoto wa Kwemvumo analijua kabla hajajua kuoga mwenyewe. Mhina hakuweka jani. Kila hatua ndoo ikamtemea uso, na kwenye kona ya juu akateleza, ikamwagika yote.

Akarudi chini. Safari hii akaweka jani. Akapanda, na hatua chache kabla ya nyumba akateleza tena, yakabaki nusu ndoo. Hapo bomba liko pembeni, linadondoka tu, ti, ti. Mhina akatazama kushoto, akatazama kulia. Akajazia ya bomba.

Mama akachota kwa kata, akaonja, akafumba macho. "Haya sasa ndiyo maji," akasema. "Haya ni ya chemchemi." Mhina akainamisha kichwa.

Mwanamvua kwa upande wake hakukuta nazi hata moja chini. Akapita nyumba tatu kuomba, na magoti yake mnayajua, ya mwanamke wa miaka sitini na sita. Akazipata mbili. Akakaa juu ya mbuzi, akaanza kukuna na kuimba, maana zamani mama alikuwa akimwimbisha hivyo apate kujua kwamba mdomo haujashughulika na kitu kingine. Akaimba, sauti ya kizee, imekwaruza, lakini nyimbo ni zilezile. Mara nyimbo zikakatika.

"Wewe!" mama akaita kutoka jikoni. "Mbona kimya? Unatafuna!"

Mwanamvua akameza haraka, akacheka, akalia, akajikata kidole kwenye meno ya mbuzi, akaendelea kuimba. Akafunga kidole kwa upindo wa kanga, akakamua tui zito, akakamua tui jepesi.

Na Chausiku? Chausiku alichanja kuni, akachagua mchele akatoa mawe na chenga, akawasha moto, akakaa kando. Mama akapika mwenyewe, akatia tui, akafunika. Kisha akachukua zile chenga akatoka nje kuwatupia kuku. Kuku wakala. Mama akakaa kwenye baraza akiwatazama, akaanza kuongea nao, akawauliza wametoka wapi. Chungu akakisahau.

Mhina alikuwa ameegemea mlango wa jiko. Akasikia harufu inaanza kubadilika. Akamwona Chausiku akimtazama mama kule nje, akikitazama chungu, akimtazama mama tena. Kisha akainuka. Akavuta kuni nje ya mafiga, akafunua chungu, akanyunyizia maji kidogo pembeni, akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko. Halafu akatoka taratibu mpaka barazani, akachutama, akasema, "Mama, uliniambia nikukumbushe chungu."

"Ndiyo, nilikwambia," mama akasema, ingawa hakusema. Akaingia jikoni akiwa na furaha, akaondoa makaa, akafunua, akanusa. "Kimeiva."

Wakala kwenye sinia moja, mkekani. Sitawaeleza utamu wake, mtanitilia mate kwenye hadithi. Mhina alikuwa anakula huku anachungulia chini ya chungu. Wali ukaisha. Mama akachukua mwiko, akazungusha, akapenyeza, akainua. Ukatoka mzima! Mviringo, rangi ya asali, haukuungua hata ukingo. Akauweka kwenye sahani, akaishika kwa mikono miwili.

"Nani leo?" akasema. "Kila mtu ataje kazi yake na kosa lake. Nyumba hii hatudanganyani."

Mwanamvua akaanza, maana ndiye mkubwa. "Mimi, mama. Nimepita nyumba tatu na magoti haya kutafuta nazi. Nimekuna mpaka nimetoka damu, kidole hiki hapa. Bila tui hakuna ukoko, kuna mchele ulioungua. Kosa langu, nimetafuna. Konzi mbili nzima. Lakini mama, ulinisikia ukanikemea, na tangu nije nyumbani hakuna kilichonifurahisha kama kukemewa."

Na ukoko unapoa.

Mhina akasema, "Mimi, mama. Nimeshuka bondeni mara mbili na kupanda mara mbili, kwa umri huu, watu wakinicheka. Wenzangu wamefanya kazi wamekaa kivulini, mimi ndiye niliyetoka jasho. Kosa langu..." akaitupia jicho ndoo. "Maji uliyoyasifu, mama, nusu chemchemi, nusu bomba. Niseme nini? Nilianguka nikiwa naiona nyumba."

Na ukoko unapoa.

Chausiku akasema, "Mimi nimechanja kuni na kuchagua mchele, mama. Si kazi kubwa, ni ya kila siku. Kosa langu, nimefunua chungu."

Hakusema kwa nini. Mhina akasubiri aseme kwa nini. Hakusema. Alikuwa anautazama mkeka.

Bi Mashavu akakunja uso. "Umefunua chungu changu?"

"Nimefunua, mama."

Mama akawatazama mmoja mmoja, sahani mikononi, na Mhina akaona macho yale yanaanza kuchoka, yanaanza kwenda. Ndipo mama akamgeukia yeye. Akamtolea tabasamu lile la kukaribisha watu.

"Mgeni," akasema, "wewe hapa huna ndugu, huna wa kumpendelea. Niamulie. Nitajie jina la mwenye haki, nimwite nimpe, maana majina siku hizi yananikimbia. Na ufanye upesi, ukoko ukipoa hauna maana, na mimi nikikaa nitasahau nimeshika nini."

Haya. Msiniambie wagawane. Ukoko wa nyumba ile haujawahi kugawanywa, na akiuvunja, mama ataona mikononi mwake vipande asivyovijua. Wala msiniambie ampe mama ale mwenyewe, meno hana.

Akisema "Mhina," atasikia kwa masikio yake, "Mhina mwanangu," jambo alilolifuata kutoka mikoa yote ile, na jasho ni lake kweli, lakini amefanywa hakimu kwa kuwa mama hamjui, na maji yake yana bomba ndani. Akisema "Mwanamvua," dada yake ameshaziba mdomo kwa kanga, analingoja jina lake kama yeye anavyolingoja lake, na damu yake iko kwenye tui. Akisema "Chausiku," yule mwana wa watu ataitwa mwanangu kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitano. Lakini chungu amekifunua. Na mama akiuliza, "Kwani alifunua kwa nini?" itabidi Mhina aseme, "Kwa sababu wewe ulikisahau," siku hiyo moja ambayo mama aliamini amepika mwenyewe. Asiposema, basi ameivunja ile sheria, na katika vyote vilivyokuwa kichwani mwa Bi Mashavu, sheria ile ndiyo iliyobaki.

Sasa nijibuni, na wewe kule nyuma usijifanye umelala, nimekuona. Bi Mashavu amenyoosha mikono. Mhina amefungua mdomo.

Je, nani alistahili? Wewe ungemtajia mama jina la nani?